Nyumba Isiyojengwa kwa Dhuluma



Miongoni mwa mashauri yanayofikishwa mbele ya viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, yapo ya mirathi, yapo ya mipaka ya viwanja, yapo ya ndoa. Hayo yamezungumzwa mara nyingi katika semina za walei. Lakini lipo shauri jingine ambalo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ugomvi mdogo wa watu wawili, nalo ni shauri la mwenye nyumba na fundi wake. Msingi umechimbwa, zege limemwagwa, fedha imekwisha, lenta imepata ufa. Au nyumba imekamilika na fundi hajalipwa. Kila mmoja humwita mwenzake mwizi, na jirani huambiwa: “Waacheni, hayo ni yao.”

Sisi twaona kwamba si yao peke yao. Nyumba ndiyo akiba kubwa kuliko zote ambayo familia nyingi za Itetemia zitaipata maishani. Hujengwa kwa fedha ya tumbaku, ya asali, ya mahindi, ya kiinua mgongo cha mzee aliyestaafu, au ya kijana anayefanya kazi mbali na nyumbani. Fedha hiyo ikipotea katika msingi mbovu hairudi. Vivyo hivyo, nguvu za fundi na kibarua zikiisha kuingia katika ukuta haziwezi kutolewa tena na kurudishwa mwilini. Pande zote mbili hutoa kitu kisichorudi. Kwa hiyo basi, maoni yetu ni kwamba makubaliano ya ujenzi ni jambo la haki na amani, wala si la kuachiwa bahati: yaandikwe, yapimwe, yalipwe kwa hatua, na Kanisa lenyewe liwe la kwanza kuyatenda.

Hali ilivyo

Tuseme wazi jinsi mambo yanavyokwenda. Mwenye kiwanja humwita fundi aliyesifiwa na jirani. Hukutana chini ya mwembe, huzunguka kiwanja, hutaja idadi ya vyumba, kisha hutajiana bei ya jumla. Fundi huomba kianzio. Hakuna aliyeandika kina cha msingi, wala uwiano wa saruji na mchanga, wala unene wa nondo, wala ni nani atakayenunua maji, wala siku ya kumaliza. Hupeana mikono, na kazi huanza kesho yake.

Juma la pili fundi hupata kazi nyingine yenye kianzio kingine, akaenda huko. Hafanyi hivyo kwa ubaya daima. Mara nyingi kianzio cha kwanza kimekwisha kwa chakula na karo ya shule, naye hutafuta cha pili ili alishe nyumba yake. Mwenye nyumba, akiona fundi haonekani, huzuia malipo. Fundi akirudi hana fedha ya kuwalipa vibarua, nao vibarua huondoka. Saruji iliyowekwa juu ya udongo mtupu hunyonya unyevu ikaganda ndani ya mifuko. Kisha mvua za Novemba hufika na kukuta kuta hazina paa. Hapo ndipo shauri linapoletwa kwetu, nasi huulizwa: ni nani mwenye haki? Ukweli ni kwamba hatuwezi kujua, maana hakuna lililoandikwa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kwa mali hii.

Wanaoumia zaidi ni wale wasioweza kusimama kiwanjani kutwa nzima: mjane, mgonjwa, mzee, na mtoto wa nyumbani aliye mbali anayetuma fedha kwa simu na kuambiwa kila mara kuwa kazi inakwenda vizuri. Upande wa pili huumia kijana saidia fundi aliyebeba zege kwa ndoo kuanzia alfajiri, akaambiwa jioni kwamba tajiri hajatoa fedha.

Maneno tuliyoachiwa na njia ya misafara

Nchi yetu ya Unyanyembe si ngeni katika jambo la kuajiriana. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: mashariki hadi Bagamoyo, magharibi hadi Ujiji, kaskazini hadi Karagwe. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo katika njia hiyo kwa ujira uliokubaliwa kabla ya safari, uliohesabiwa kwa nguo za merikani, shanga na waya wa shaba. Sehemu ya ujira ilitolewa mwanzoni, na chakula cha njiani, yaani posho, kilikuwa sehemu ya maafikiano. Kila kundi lilikuwa na mnyampara wake aliyewasemea wenzake. Msafiri aliyevunja maafikiano, akapunguza posho au akazidisha mzigo, alijikuta asubuhi mizigo imewekwa chini na watu hawainuki, au wamekwisha kuondoka usiku.

Hatusemi kwamba nyakati zile zilikuwa za haki. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa na pembe za ndovu, na machozi yake hayajasahauliwa. Lakini yafaa kukumbuka kuwa babu zetu walijua kupatana kabla ya kuinua mzigo, na kwamba waliuhesabu ujira kuwa haki, si hisani. Neno posho tunalitumia hadi leo, na katika viwanja vya ujenzi msimamizi wa vibarua bado huitwa mnyapara. Tumeyarithi maneno; tumeyaacha maafikiano.

Kwihara, si mbali na hapa, imehifadhiwa tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Nyumba za namna ile zilijengwa kwa udongo na miti na watu walioijua kazi yao, na kosa likitokea lilionekana mapema na kutengenezwa kwa udongo ule ule. Zege ni kitu kingine. Kosa lake hufichwa ndani, hufunikwa kwa lipu na rangi, na hujitokeza siku ambayo hakuna tena njia ya kulirekebisha isipokuwa kuvunja. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, aliwakemea wale waliopaka chokaa juu ya ukuta dhaifu ili uonekane mzima, akatabiri kuwa mvua na upepo vitaufunua. Yeye alisema juu ya manabii wa uongo. Lakini mfano aliutwaa kwa mafundi, na wasikilizaji wake walimwelewa mara moja.

Kipimo cha haki katika zege

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya zege ni ya wataalamu tu, na kwa sababu hiyo hawaulizi. Yapo kweli ya wataalamu: nyumba ya ghorofa haijengwi bila mhandisi na kibali cha halmashauri. Lakini mambo machache ya msingi yaweza kueleweka na kila mwana jumuiya, na kuyajua ni ulinzi kwa pande zote mbili.

La kwanza ni uwiano. Kwa zege la kawaida la nguzo, lenta na mfuniko wa shimo, mafundi hutumia sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa hiyo mfuko mmoja hupokea mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, na kokoto ndoo saba. Toroli halina kipimo kimoja; ndoo inacho. Anayechanganya kwa kukadiria kwa chepe hawezi kusema amechanganya sawa.

La pili ni maji. Mfuko mmoja huhitaji maji lita 25 hadi 30. Zege lenye maji mengi hutiririka kwa urahisi na kumpunguzia kibarua kazi, lakini likikauka huwa na matundu na nguvu yake hupungua. Mchanga wenye chumvi au udongo mwingi hudhoofisha vilevile.

La tatu ni uvumilivu baada ya kumwaga. Zege haliwi gumu kwa sababu ya kukauka. Huwa gumu kwa sababu saruji inaungana na maji. Yatakiwa limwagiwe maji au lifunikwe na magunia mabichi kwa muda usiopungua siku 7, na nguvu yake kamili hupimwa siku ya 28. Mwenye nyumba anayemharakisha fundi aondoe mirunda siku ya tatu anajidhulumu mwenyewe. Kwa miaka mingi mji wetu ulitegemea hasa bwawa la Igombe, na maji ya kumwagilia zege yalionekana kuwa anasa. Sasa maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora. Lakini hata pale ambapo bomba halijafika, gharama ya maji haina budi kuhesabiwa ndani ya gharama ya nyumba, wala isiachwe kuwa ugomvi wa baadaye.

La nne ni nondo. Hapa dhambi ya mizani ya uongo, inayokatazwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, huingia kwa urahisi sana. Mtu hununua nondo ya milimita 10 akaandika 12. Macho hayaoni tofauti hiyo, mzani huiona. Mita moja ya nondo ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 888. Ya milimita 10 ni karibu gramu 617. Nondo nzima ya mita 12 yenye unene wa milimita 12 hukaribia kilo 10 na gramu 700. Anayetaka kujua ukweli apime mbele ya mashahidi kabla nondo haijafunikwa na zege.

La tano ni tofali. Mfuko unaotosha tofali 30 hivi za inchi 6 ukilazimishwa kutoa 50, tofali hizo zitamomonyoka mikononi. Mnunuzi hulipa bei ya tofali na kupewa mchanga uliosimama.

Tunayataja haya kwa sababu maisha ya watu yamo ndani yake. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, Machi 29, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, na watu 36 walifariki. Novemba 16, 2024, jengo jingine lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 25 walipoteza maisha. Itetemia hakuna ghorofa nyingi, na mtu aweza kusema kuwa mambo hayo ni ya mjini Dar es Salaam. Lakini shimo la choo lililofunikwa kwa zege jembamba lisilo na nondo za kutosha laweza kummeza mtoto wa Itetemia kama jengo la ghorofa linavyowameza watu wa Kariakoo.

Msiba wa namna hiyo ukitokea husemwa haraka kuwa ni mapenzi ya Mungu. Bwana wetu alipoelezea mnara wa Siloamu uliowaua watu 18, katika Injili ya Luka sura ya 13, alikataa kuwahesabu marehemu kuwa wenye dhambi kuliko wengine; akawageuza wasikilizaji watazame maisha yao wenyewe. Tena Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22, humwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba anawajibika kwa hatari aliyoweza kuizuia. Mapenzi ya Mungu ni kwamba tujenge ukingo.

Jasho la fundi na kibarua

Isije ikadhaniwa kwamba tumeandika haya ili kuwatetea wenye nyumba dhidi ya mafundi. Maandiko Matakatifu, kila yanapogusa jambo hili, husimama kwanza upande wa mfanyakazi. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, alimlaumu mfalme aliyejijengea jumba kubwa lenye vyumba vya juu huku akiwafanyisha watu kazi bila ujira. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, asema kuwa ujira uliozuiwa wapiga kelele, na kelele hizo humfikia Mungu. Sheria ya Musa ilitaka kibarua alipwe kabla ya jua kutua, kwa kuwa yeye ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo.

Kanisa limefundisha vivyo hivyo. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alieleza kwamba patano la ujira, hata likikubaliwa kwa hiari, liko chini ya haki ya asili: ujira hauna budi kutosha kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi. Mtu anayekubali bei ndogo kwa sababu ya njaa hakukubali kwa hiari. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kuwa kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Na kwamba wajibu wa mwajiri haumhusu tu yule anayetoa amri moja kwa moja, bali pia wale wanaopanga masharti ya kazi kwa mbali. Fundisho hili la pili linatuhusu sana. Mwenye nyumba husema: “Vibarua si wangu, ni wa fundi.” Lakini akijua kwamba bei aliyoilazimisha haiwezi kuwalipa vibarua, amekwisha kupanga wadhulumiwe.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na yakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, watoto huonekana wakiponda kokoto na kubeba ndoo za maji kwenye viwanja vya ujenzi siku za shule, na watu wazima tunapita na kuwasifu kuwa ni wachapakazi. Mtoto anayeponda kokoto bila kitu cha kumkinga macho anaweza kupoteza jicho kwa bei ya ndoo moja.

“Sisi ni ndugu, tuandikiane nini?”

Hili ndilo pingamizi tunalolisikia mara nyingi, nalo lastahili jibu la heshima. Husemwa kwamba maandishi ni dalili ya kutoaminiana. Kwamba fundi ni mwana jumuiya mwenzetu, au ni shemeji, au alibatizwa siku moja na mwanangu. Kumdai karatasi ni kumtukana.

Twajibu hivi. Ndoa ya Kikristo huandikwa katika kitabu cha parokia, na hakuna bwana harusi anayeona kwamba ametukanwa. Ubatizo huandikwa. Sadaka huandikwa. Tunaandika kwa sababu kumbukumbu ya mwanadamu hupungua, na kwa sababu mmoja akifa mwenzake hubaki na watu wasiokuwapo siku ile. Majirani zetu Waislamu, ambao ni wengi katika mji huu na miongoni mwao wamo mafundi hodari, wanafundishwa katika Kurani, sura ya pili, kwamba deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu mbele ya mashahidi. Wao hawaoni kuwa jambo hilo lavunja undugu, bali kwamba laulinda. Sisi nasi tusijivunie udugu unaovunjika kwa mifuko mitano ya saruji.

Yapo pia maneno ya wale wasemao kuwa mkataba ni kazi ya mawakili na matajiri. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya sheria za Tanzania, huyatambua hata makubaliano ya mdomo. Shida ya makubaliano ya mdomo ni kuyathibitisha. Karatasi moja ya daftari la shule iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikasomwa kwa sauti mbele ya mashahidi wawili na kutiwa sahihi au dole gumba, yaweza kusaidia mbele ya baraza la kata au mahakama ya mwanzo. Zaidi ya hayo, yaweza kuzuia watu wasifike huko kabisa.

Wapo, mwishowe, wasemao: basi na atafutwe mkandarasi aliyesajiliwa. Kwa majengo makubwa tunakubali bila shaka. Sheria Na. 17 ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na anayejenga shule, zahanati au ukumbi hana budi kuhakikisha usajili na daraja la yule anayempa kazi. Lakini familia nyingi za kwetu hujenga vyumba viwili vitatu kwa miaka kadhaa, kadiri fedha inavyopatikana, na humtegemea fundi wa mtaani. Fundi huyo asidharauliwe. Wapo waliosoma katika vyuo vya ufundi stadi, na wapo waliojifunza kwa baba zao na kazi yao yajulikana. Njia njema ya kumjua ni kwenda kuziona nyumba alizojenga miaka mitano iliyopita, siyo ile aliyoimaliza jana, na kuzungumza na wenye nyumba hizo.

Kanisa nalo ni mwajiri

Tungeishia hapa, makala hii ingekuwa rahisi kusomwa kanisani. Lakini haki haianzii kwa wengine. Parokia na vigango hujenga: makanisa, nyumba za mapadre, shule za awali, vyoo vya umma. Hujenga kwa michango ya waamini maskini, na kwa sababu hiyo fedha huja kidogo kidogo na hukatika katikati. Hapo huzuka desturi ambayo sisi twaona haifai. Fundi akidai salio lake huambiwa kwamba hii ni nyumba ya Mungu, avumilie. Na akiendelea kudai huombwa alihesabu salio hilo kuwa sadaka yake.

Sadaka ni kitu kinachotolewa kwa moyo wa hiari na mtu mwenye kukimiliki. Fedha ambayo fundi hajalipwa bado hakuipokea, hawezi kuitoa. Kumlazimisha aisamehe mbele ya kamati, huku mwenyekiti na katekista wakimtazama, si kumpa nafasi ya kutoa sadaka. Ni kumnyang'anya ujira wake. Na ikiwa fundi huyo ana vibarua wanne nyuma yake, basi sadaka hiyo imetolewa na watu ambao hawakuulizwa kabisa, na huenda si waamini wetu. Altare iliyosimama juu ya deni la kibarua ina ufa usioonekana.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pius XII alimwekea sikukuu ya Mei Mosi mwaka 1955 kama msimamizi wa wafanyakazi, alikuwa fundi. Kuna siku alimaliza kazi ya mtu akasubiri kulipwa, na Mtoto Yesu alikula kutokana na malipo hayo. Kila kamati ya ujenzi na ilikumbuke hilo kabla ya kumwambia fundi aje wiki ijayo.

Tunayopendekeza

Kwanza, kila mwenye kujenga akae na fundi na kuandika mambo haya: kazi yenyewe na vipimo vyake, uwiano wa zege, unene wa nondo na aina ya tofali, nani ananunua vifaa na nani anavilinda, maji ni ya nani, bei ya jumla na hatua za malipo, siku ya kuanza na kumaliza, na nini kitafanyika bei ya saruji ikipanda, mvua ikinyesha au mmoja akiugua. Nakala ziwe mbili.

Pili, malipo yafuate kazi. Kianzio kiwe cha kutosha kuanza, si cha kumaliza; kisha kila hatua, yaani msingi, kuta, lenta, paa na lipu, ilipwe siku ile ile inapokaguliwa na kukubaliwa. Ikiwa pande zote zimepatana kuzuia sehemu ndogo ya malipo hadi mvua za kwanza zipite, sehemu hiyo itoke katika fungu la fundi mkuu tu, iandikiwe tarehe ya kulipwa, wala isiguse kabisa ujira wa vibarua. Hao walipwe kwa siku au kwa juma.

Tatu, kila jumuiya iteue watu wawili au watatu wanaoaminika, mmoja wao awe anaijua kazi ya ujenzi, wasaidie kuandika na kushuhudia, hasa kwa ajili ya wajane, wazee na wasiojua kusoma. Wasipokee ada. Ugomvi ukizuka wawasikilize wote wawili kiwanjani, mbele ya kazi yenyewe, siyo barazani kwa maneno matupu.

Nne, kamati za ujenzi za parokia na vigango zisianze hatua yoyote kabla fedha ya kuwalipa wafanyakazi wa hatua hiyo haijapatikana. Bwana wetu alimsifu ajengaye mnara anayeketi kwanza na kuhesabu gharama. Deni lolote la fundi lisomwe katika taarifa ya mapato na matumizi pamoja na michango, ili waamini wote walijue. Dawa ya deni ni kulipa.

Tano, mafundi wetu wajikusanye wenyewe. Fundi anayesimama peke yake hulazimika kukubali bei yoyote. Wakikaa pamoja waweza kupatana kima cha chini cha ujira, kununuliana vifaa vya kujikinga, na kumwonya mwenzao anayewaharibia jina.

Hatudhani kwamba karatasi huondoa dhambi. Mtu mbaya aweza kutia sahihi na kuvunja. Lakini wengi wanaodhulumiana katika kazi hii si watu wabaya. Ni watu walioanza bila kuelewana, wakabanwa na shida, kisha wakaona aibu kuonana. Ufa wa namna hiyo huzibwa mapema, au hujengwa ukuta.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayeumia zaidi katika kazi za ujenzi: mwenye nyumba, fundi au kibarua? Kwa nini?
2. Je, yupo fundi au kibarua anayeidai familia yetu, kigango chetu au parokia yetu? Tutamlipa lini?
3. Ni mjane gani au mzee gani katika jumuiya yetu anayejenga sasa na anahitaji shahidi?
4. Tunawaona watoto wangapi kwenye viwanja vya ujenzi siku za shule, na tumefanya nini?
5. Someni Mathayo 7:24-27. Mwamba ambao Bwana anautaja una maana gani kwa mtu anayechanganya zege leo?